Gitaa Langu Silipigi Chumbani

Rusimbi, Kigoma
3 Machi 2024

Mwanangu Ella,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo, na kazi ya uuguzi inaendaje huko Tabora? Mimi mzima, goti tu linanisumbua mvua ikinyesha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatisha. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Siku tulipoanua matanga ya baba yako, ukiwa umeshapanda treni, baba yako mdogo Ignas aliingia chumbani akalitoa gitaa la marehemu. Nikamuuliza, "Shemeji, unalipeleka wapi?" Akasema, "Gitaa la kwaya halikai kwa mwanamke. Utalifanyia nini, utaanikia dagaa?" Wazee wakacheka. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kumeniuma kuliko maneno yake.

Sasa natengeneza langu. La umeme. Ubao wa mvule nimepewa na mafundi wa mitumbwi pale Kibirizi, sumaku nimezitoa kwenye spika ya redio yetu iliyokufa. Usimwombe Ignas chochote kwa ajili yangu.

Mama yako.


Tabora
24 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Bonfils tu wazima, anakusalimu sana. Pole na goti, nitakutumia dawa ya kuchua.

Mama, kabla barua yako haijafika, baba mdogo alishanipigia. Anasema sebule imejaa vumbi la mbao, siku tatu hukwenda mwaloni kwenye dagaa wako, na majirani wanasema msiba umekuvuruga. Mwezi wa saba wazee wa Bonfils wanaleta mahari, na wa kuwapokea ni yeye, ndugu pekee wa baba aliyebaki. Naomba tusimuudhi.

Kama ni gitaa, nitakununulia harusi ikipita, ulipige taratibu chumbani. Lakini la umeme, mama, na mwaka wa baba haujaisha?

Nisamehe kama nimekosea.

Mwanao, Ella.


Rusimbi
14 Aprili 2024

Mwanangu,

Dawa nimeipata, asante, goti limepoa. Natumaini na wewe hujambo.

Sasa nikujibu. Sebule ni yangu. Mwaloni nimerudi, dagaa wangu wameanikwa kama wa wenzangu. Na msiba umeniumiza, haujanivuruga.

Kazi ni ngumu, sikufichi. Shingo ya kwanza niliichonga kwa mti mbichi, ikapinda, nikaitupa. Ya pili ni mninga mkavu, na vile vyuma vidogo vya kutenga sauti nimevikata kwenye spoku za baiskeli. Waya wa shaba, mwembamba kama unywele, nimeutoa kwenye transfoma ya redio ile ile, nauzungusha kwenye sumaku kwa cherehani yangu. Mizunguko ni maelfu. Juzi umekatika nikiwa nakaribia kumaliza. Nikalia kidogo, nikaanza upya.

Halafu kuna jambo nililopaswa kukuambia zamani. Zile nyimbo za kwaya wanazomsifia baba yako, lile gitaa linaloingia kabla ya waimbaji nililitunga mimi. Yeye akiwa ziwani, mimi nilikuwa nalipiga jikoni. Akirudi namwonyesha vidole viende wapi, Jumapili anakwenda kulipiga kanisani. Mara mbili alitaka kusema ukweli mbele ya watu. Ignas akamwambia ataaibisha ukoo mzima, akaogopa. Nilimpenda sana Anatoli wangu, lakini aliogopa.

Hilo gitaa la dukani mnunulie mtu mwingine.

Mama yako.


Tabora
9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Habari za siku nyingi. Najua umekaa ukisubiri barua.

Nilikasirika. Niliona kama unamvua baba nguo akiwa kaburini. Baadaye nikazisikiliza zile nyimbo kwenye simu, nikakumbuka nikiwa mdogo jikoni, wewe umekaa kwenye kigoda na gitaa mapajani. Nilidhani unalifuta vumbi. Nimeona haya.

Lakini mama, baba mdogo amesema neno zito. Ukilipiga gitaa hilo mbele za watu, hatapokea wageni wangu. Wazee watafika mlangoni wakose mwenyeji wa kiume, warudi na mahari yao. Nakuomba mwezi mmoja tu. Mahari ikishapokelewa, piga popote unapotaka.

Mwanao, Ella.


Rusimbi
23 Juni 2024

Ella mwanangu,

Amani kwako na kwa Bonfils. Mimi mzima wa afya.

Sikusubiri. Nilijaribu, nikashindwa. Wanawake wa ukoo huu tumeambiwa "subirini mwezi mmoja tu" tangu bibi yako akiwa hai.

Jana Jumamosi asubuhi nilikwenda nalo mwaloni Kibirizi, nikalichomeka kwenye ile spika ya chama chetu cha wauza dagaa. Kwanza lilivuma tu, wachukuzi wakaanza kunitania. Nikakaza waya mmoja uliolegea, nikalipiga wimbo wa kwanza kwenye kanda ya kwaya. Sauti za juu zinakosea kidogo, maana shingo niliipima kwa futi ya kushonea. Lakini watu waliujua wimbo. Wanawake waliacha kugeuza dagaa. Skolastika, yule mwenye kibanda jirani na changu, akasema, "Devota, kumbe ni wewe." Nikamwambia, "Ni mimi, miaka yote."

Jioni Ignas akaja nyumbani na gitaa la baba yako ndani ya mfuko wake. Akaliweka mezani. Akasema, "Shemeji, yaishe. Chukua hili, ulipige humu ndani, na mimi nitawapokea wageni wa mtoto."

Nililishika, mwanangu. Mbao zake bado zina harufu yake. Kisha nikamrudishia. Nikamwambia, "Nenda nalo. Wageni wa Ella nitawapokea mimi niliyemzaa."

Kama wakwe zako hawataki kupokelewa na mwanamke, nitakuwa nimekuharibia, na lawama nitaibeba. Ila gitaa langu silipigi chumbani.

Mama yako.


Tabora
7 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo.

Barua yako nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano nilimsomea Bonfils zote, tangu ya kwanza, naye akanipeleka kwa wazee wake nikazisome tena. Wajomba zake wakasimama. Walisema hawajawahi kukabidhi mahari kwa mwanamke na hawataanza uzeeni. Wametoka na wake zao. Mama mkwe alilia. Kwa hiyo badala ya watu nane tutakuja wanne.

Baba mdogo alinipigia leo asubuhi. Nilimwambia, "Karibu sana, baba. Utakaa na wageni. Mwenyeji ni mama." Akakata simu.

Baba yake Bonfils hakutoka na wenzake. Mwishowe akaniomba simu ausikie wimbo wenyewe. Ukalia mpaka mwisho. Akauliza, "Na hilo gitaa la mwanzo alilitunga nani? Nataka kukusikia wewe."

Nikasema, "Mama yangu."

Tunapanda treni Alhamisi.

Mwanao, Ella.