Hatua Thelathini na Sita Kutoka Tangini

Masasi,
Jumanne, 9 Septemba 1997

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Ida,

Shikamoo dada. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe na shemeji Silvesta na wanangu wote watano. Kikohozi cha Ida kimepungua? Na mama, goti bado linamsumbua akishuka bondeni? Mimi huku mwili hauna neno, namshukuru Mungu, ila moyo umekataa kutulia. Tangu juzi chakula nakitazama tu.

Barua yako nimeipokea Jumapili kwa mkono wa Dominika wa huko kijijini, tukitoka misa, na mpaka leo nimeisoma mara tano. Nimeelewa kwamba kamati ya maji imemnyang'anya shemeji funguo za bomba. Nimeelewa kwamba Jumamosi hii, saa nne, mkutano wa kijiji utaamua kama aachishwe kazi, na kwamba akiachishwa mtahama nyumba ya mtunza bomba nyote saba, na mvua haziko mbali. Yote hayo ni kwa sababu ya habari ile ya gazetini. Unasema shemeji ameapa mbele ya padri kwamba hajawahi kuzungumza na mtu wa gazeti. Unasema pia hasemeshani tena na Mwalimu Ashraf, kwa kuwa kijiji kizima ndiye peke yake anayenunua magazeti na kuwaandikia wahariri. Halafu mwisho kabisa ukaniomba mimi, niliye chuo cha uandishi, nikuulizie huyo "Mwandishi Wetu" wa gazeti lile ni nani.

Nitakujibu, dada. Ila nivumilie nianze na habari za chuo, maana jibu limo humo humo.

Chuo chetu usikifikirie majengo. Ni chumba kimoja katika ghala la zamani la ushirika, na siku ya joto ukutani bado panatoka harufu ya magunia ya korosho. Tupo wanafunzi kumi na wanne, wanawake watatu. Wengi ni vijana waliotoka sekondari moja kwa moja, wamelipiwa na baba zao. Mimi unajua nilivyofika. Baba aliwapeleka kaka zetu sekondari ya Chidya wote wawili, mimi akasema darasa la saba linamtosha mtoto wa kike, akaninunulia cherehani. Miaka tisa nimeshona sare za shule pale sokoni Newala, kidato cha nne nikakifanya kama mtahiniwa binafsi, vitabu viko mapajani chini ya kitambaa. Silalamiki. Au tuseme nalalamika, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia taa.

Mkufunzi wetu anaitwa Dastani. Amefanya kazi ya magazeti Dar es Salaam miaka kumi na minane, akapunguzwa kazi, akarudi kwao. Siku ya kwanza alitugawia gazeti moja moja katika haya mapya yanayochipuka kama uyoga, akatuambia tusilisome, tulipime. Wenzangu wakatazamana. Mimi nikatoa futi yangu ya ushonaji mkobani. Kurasa kumi na sita, dada, na habari za huku kwetu Kusini zilikuwa sentimita kumi na moja tu, na saba kati ya hizo ni picha ya kiongozi akikata utepe. Mkufunzi alinifanya nisimame nirudie mbele ya wote. Tangu siku hiyo kijana mmoja mtani wangu, Benedikto, ananiita Fundi Sentimita, anasema siku nitakayoandika habari ya mwizi nitataja kwanza kiuno chake. Darasa lilicheka, na mimi nilicheka, lakini ndani nilivimba kichwa. Kwa mara ya kwanza kitu nilichokijua kwa mikono yangu kilikuwa na faida kwa watu waliosoma.

Baadaye tukafundishwa kwamba habari isiyo na hesabu ni umbea. Usiandike wanawake wengi, andika wangapi. Usiandike wanasubiri sana, andika saa ngapi mpaka saa ngapi. Na tukafundishwa kwamba mtu akikwambia jambo linaloweza kumponza, jina lake usilitaje, ila msomaji umweleze huyo mtu anajuaje analolijua. Tulipofunga chuo mwezi wa saba, kila mmoja akaambiwa arudi na habari moja ya kweli kutoka kwao.

Ndiyo ile likizo niliyokuja kwenu wiki mbili. Unakumbuka ulinisema kwamba nimekuwa mtu wa ajabu, natoka alfajiri na ndoo tupu kisha narudi na daftari limejaa. Asubuhi nne nilikaa foleni na wenzangu nikihesabu. Trekta la yule mfanyabiashara wa mjini lilijazwa mapipa kumi na nane kila asubuhi kabla ndoo ya kwanza haijasogea. Mapipa kumi na nane ni ndoo mia na themanini. Foleni yetu ilikuwa wanawake tisini. Kila mmoja angeondoka na ndoo mbili na mama asingeshuka bondeni na goti lile. Bibi mmoja nyuma yangu aliniuliza nahesabu nini, nikamwambia nahesabu watu, akasema basi nimhesabu yeye mara mbili maana amekuja jana hakupata, na leo amekuja tena.

Barua yako imenieleza jinsi habari ilivyosomwa kwa sauti pale kwa muuza chai. Gazeti lilisema habari za trekta na mapipa yake zimetoka kwa mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, baba wa watoto watano, aliyelitunza tangi miaka kumi na mmoja, na anayekaa hatua thelathini na sita kutoka hapo lilipo. Hata hivyo watu walibishana kama ndiye shemeji, wakaona heri wapime. Nurdin wa baiskeli akapiga hatua kutoka tangini mpaka mlangoni kwenu akapata thelathini na moja, na shemeji akapumua. Halafu mtu akasema Nurdin ana miguu ya korongo, akaitwa Pili, naye akapata thelathini na sita kamili, na watu wakapiga makofi kana kwamba timu yao imefunga bao. Uliandika kwamba wewe ulikuwa mlangoni unachambua mchele, na Pili aliposimama mbele yako hakuthubutu kukutazama.

Dada, Pili ana kimo changu. Hatua zake ni zangu.

Mwandishi Wetu ni mimi, Ethel.

Nimeliandika na sasa siwezi kulifuta, basi niseme lote. Unakumbuka ile Jumatano tulipokula ugali na kisamvu, wewe ukaenda kumwogesha mtoto. Nilimwambia shemeji kuhusu yale mapipa kumi na nane. Akasema mwezi wa sita peke yake trekta lilichukua mapipa mia nne na kumi na nne, na kwamba mwenyekiti wa kamati alimwamuru asiyaandike kwenye daftari la bomba. Alikuwa akiyaweka kichwani siku kwa siku, kama mtu anayebeba mawe. Alipomaliza akaniambia, shemeji, haya ni ya ndani ya nyumba. Nikaitikia. Kisha nikaingia chumbani nikaandika 414 kwenye kiganja nisije nikaisahau.

Kwa hiyo shemeji hakuapa uongo. Hakuzungumza na mtu wa gazeti. Alizungumza na mdogo wa mke wake.

Jina lake nililifuta, dada, nilifuata somo. Nilidhani mtu ni jina lake tu. Huko Dar es Salaam, penye watu wasiojuana, pengine ni hivyo. Lakini umri nikauweka, watoto nikawaweka, miaka ya kazi nikaiweka, hatua za mpaka mlangoni nikaziweka, kwa kuwa nilitaka mkufunzi aone jinsi Ethel anavyojua hesabu. Fundi anayepima nguo mwilini mwa mtu anajua kwamba vipimo vinne vinatosha kumtambua mteja bila kumwona uso. Mimi ni fundi, na sikulifikiri hilo.

Na kuna baya zaidi. Mkufunzi Dastani aliposoma kazi yangu, aliweka kalamu chini akaniuliza kama msemaji wangu anajua kwamba maneno yake yanaweza kwenda gazetini. Nikamjibu anajua. Neno moja tu hilo, wala sikusita. Angesikia vingine asingeituma. Aliituma Dar es Salaam, wakaichapa ukurasa wa tano. Unajua nililia nini siku hiyo? Nililia kwamba jina langu halipo. Nilinunua nakala sita nikamwendea mkufunzi kulalamika kwamba nimeibiwa jasho langu. Kumbe mimi ndiye niliyefichwa vizuri, na aliyeachwa wazi ni mumeo.

Jana mhariri ametuma ujumbe. Anataka habari ya pili, yenye jina la msemaji na picha yake akiwa tangini, na safari hii jina langu litachapwa. Benedikto anasema ni mjinga gani atakataa. Sitakuficha, nilishika kalamu, nikaandika mistari minne kabla sijaiona sura yako ukiwa mlangoni. Karatasi nimeichana. Leo asubuhi nimemwambia mkufunzi kwamba nilimdanganya. Hakunigombeza, ni afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba sasa nina kazi ya kufanya, na haipo darasani.

Barua hii ataileta Dominika tena, anapanda kesho. Mimi nitakuja Ijumaa, nitashuka Mkunya na kumalizia kwa miguu. Usimwambie mama kabla sijafika, presha yake unaijua. Ila shemeji msomee yote, usiruke mstari kwa kunionea huruma.

Mwambie hivi. Jumamosi nitasimama mkutanini niseme kwamba habari ile niliandika mimi, na kwamba mapipa kumi na nane kila asubuhi, kwa asubuhi nne, nimeyahesabu mimi kwa macho yangu, na daftari ninalo. Hilo ni langu, nitalisema hata kama watanizomea. Mwalimu Ashraf nitamwomba radhi kabla ya mkutano. Lakini lile la mia nne na kumi na nne ni la shemeji. Wataniuliza nimelipata wapi, najua wataanzia hapo hapo. Sijui atataka nini. Akisema nijibu kwamba sitamtaja aliyeniambia, nitajibu hivyo, nisiongeze. Akisema twende wote wawili mbele ya watu akalisema mwenyewe, nitasimama upande wake. Akisema hataki kuniona machoni, nitakaa kwa mama nisubiri mpaka atakapotuma mtu. Namwuliza sasa, nilipaswa kumwuliza siku ile ya kisamvu: shemeji, nina ruhusa?

Wewe sikuombi unisamehe kwa barua. Uniseme nikifika, kwa maneno yako yote, hata mbele ya watoto.

Nisalimie Ida na wadogo zake, mwambie nakuja na ile rula aliyoniomba. Nisalimie mama, mwambie tu kwamba nimemkumbuka. Msalimie Pili pia, hana kosa. Shemeji mpe shikamoo yangu. Akiipokea, nitajua Ijumaa kwa jinsi utakavyonifungulia mlango.

Ni mimi mdogo wako mwenye hofu,

Ethel Cecil