Siku Mbili Programu Ikigoma

Athi River,
14 Machi 2005.

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Salamu tele. Je, mgongo umepata nafuu, au bado unashinda kwenye cherehani hata ukikatazwa? Mimi binti yako ni mzima, nanenepa kidogo, na leo nina furaha hata kalamu inanikimbia.

Unakumbuka programu ninayoandika na Ndunda hapa kiwandani, ya kuchapisha vibandiko vya katoni za suruali? Kila mmoja huandika sehemu yake, kisha kompyuta ya Ndunda huziunganisha. Jumatano iligoma. Bila vibandiko katoni haziondoki, na kontena lilikuwa liondoke Ijumaa. Meneja wetu, Bwana Wachira, alisema kompyuta iliyogoma ni ya Ndunda, basi kosa ni la Ndunda, na Ijumaa jioni arudishe funguo aende zake. Ndunda, na mtoto wa miezi miwili nyumbani! Aliapa hajagusa kitu. Nani amsikilize?

Kompyuta ilirudia jambo moja tu, kwamba imeletewa sehemu ya toleo la 49, ilhali mwisho wake kusoma ni 48. Wewe fundi utaelewa haraka kuliko meneja: mkono wa shati umekatwa kwa kipimo kipya, kifua kwa kipimo cha zamani, utashona vipi? Ijumaa asubuhi niliweka toleo jipya la vifaa vya kujengea programu kwenye kompyuta yake, nikaunganisha upya. Saa nne vibandiko vilikuwa vinatoka mbio! Kina dada wa kufunga katoni walipiga vigelegele, na Bwana Wachira akanishika mkono mbele yao wote, akasema mimi ndiye kichwa.

Sasa Mwaitu, kaa chini. Toleo hilo jipya nililiweka mwenyewe kwenye kompyuta yangu Jumanne, bila kumwambia mtu, nionekane nimetangulia. Kosa nililishuku tangu Jumatano. Siku mbili Ndunda alifokewa, nami nikanyamaza. Lakini meneja alipokuwa bado amenishika mkono, nilishindwa kabisa kujizuia. Nilisema yote, kwa sauti, kiwanda kizima kikisikia.

Ndunda yuko kazini. Hanisalimii bado. Mimi nimepewa barua ya onyo, nami nimeitia kwenye bahasha ya vyeti vyangu, juu kabisa.

Msalimie mdogo wangu Kalekye na jirani zetu wote wa Mumbuni. Mungu akutunze, na upumzishe huo mgongo.

Ni mimi bintiyo,
Nzisa