Malkia Aliyeandika Shajara

Jumapili, 4 Oktoba 2015
Ukumbi wa tatu tena. Miguu inawaka. Mlinzi wa makumbusho huku ughaibuni haketi, hata kiti kiwe kitupu mbele yake.

Leo mwongozaji wa wageni hakuja, na darasa la watoto lilikuwa limeshafika. Mmoja akauliza kwa nini ukurasa ulio kwenye kabati la kioo umeungua pembeni. Mdomo wangu ukaenda wenyewe. Nikamweleza Baghdad, 1258, Wamongolia, maktaba. Miezi minane nimesoma vibao vya ukumbi huu nikiwa wima, niyaweke wapi hayo yote?

Kumbe Madam Muna, Mjordani anayesimamia waongozaji, yuko nyuma yangu anasikiliza. Ana nafasi moja. Alhamisi nisimame mbele ya watu watatu, nizungumze dakika kumi juu ya miaka ile. Nimefurahi hadi nimepanda basi silo. Badala ya Muaither, tunakolala, nikajikuta Al Sadd, katikati ya jiji.

Jumatatu, 5 Oktoba
Msimamizi wa walinzi amepata habari. "Wewe uliletwa kusimama, si kusema." Nikishindwa, ananihamishia geti la bohari, juani. Mtu wa roho ndogo. Nitapita.

Jumanne, 6 Oktoba
Miaka ile dunia ilichafuka. Mfalme wa Wafaransa alikuja Misri na jeshi, akaishia kuwa mateka. Wamongolia wakaibomoa Baghdad, kisha mkuu yule yule aliyeibomoa akajenga nyumba ya kupimia nyota huko Uajemi, akakusanya wanazuoni. Nimekasirika kweli. Unachoma kwa mkono huu, unajenga kwa huu. Lakini nyota zilipimwa vizuri. Kilwa nayo ilikuwa inainuka. Nitaitaja Kilwa, wapende wasipende.

Malkia wa Misri ndiye wangu. Mumewe, sultani, alikufa vita vikiwa vimepamba moto. Akaficha kifo. Amri zikaendelea kutoka kana kwamba mzee anaumwa tu, mpaka mrithi akafika. Baadaye akatawala mwenyewe siku themanini.

Jumatano, 7 Oktoba
Jina la malkia kibaoni liko kwa Kiarabu tu. Nililipiga picha, nikampa Hamida, mwenzangu wa chumba, mtu wa Kwale. Amesoma chuo cha Kurani tangu utotoni. Herufi anazo, maana hana. Akasoma polepole: "Sha-ja-ra... Wallahi ni shajara hii, dadangu! Shajara ya durri."

Dereva wa basi letu la kazini, Msudani, ametuambia durri ni lulu. Shajara hatukumuuliza. Shajara tunaijua, si ndiyo hii ninayoiandika?

Shajara ya Lulu! Malkia aliyeandika kila siku, kama mimi. Nimepata mwisho wa hotuba yangu.

Alhamisi, 8 Oktoba
Aibu.

Dakika tisa nilikwenda vizuri. Hata Kilwa ilipita. Kisha nikasema malkia aliitwa hivyo kwa sababu aliandika shajara. Wakatazamana. Mzee wa katikati akacheka hadi akavua miwani. Madam Muna akasema kwa upole, "Habibti, shajara ni mti."

Mti. Mti wa Lulu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi niliuliza nusu.

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nikakumbuka geti la bohari. Nikatoa daftari hili mfukoni, nikawaonyesha jalada: SHAJARA. Nikawaambia neno lenu lilisafiri hadi kwetu, lilipofika likapewa kazi nyingine. Kwenu lina majani, kwetu lina kurasa. Nimekosea, malkia anisamehe, ila neno sikulibuni.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee akauliza kwetu ni wapi. Kitale, nikamwambia. Akataka maneno mengine. Nikampa karne, kalamu, daftari. Akawa anayarudia mwenyewe taratibu. Nimeambiwa nisubiri.

Ijumaa, 9 Oktoba
Hakuna simu. Kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, sikusikia hata neno la mahubiri. Hamida amejilaumu siku nzima, kanipikia maharagwe ya nazi. Simlaumu.

Namlaumu kidogo.

Jumamosi, 10 Oktoba
Kimya. Nimepiga pasi sare ya ulinzi.

Jumapili, 11 Oktoba
Sare sikuivaa zaidi ya saa moja. Madam Muna alinikuta ukumbi wa tatu, akanivisha kadi mpya shingoni. Mwongozaji. Sharti moja: kosa langu nilisimulie kila ziara, mbele ya kibao cha Misri. Mzee ndiye aliyelitaka. Msimamizi alipita, akaona kadi, akaanza kushughulika na simu yake.

Nimemwambia Hamida. Amelia kuliko mimi.

Majaribio ni miezi mitatu. Malkia alitawala siku themanini. Nikiimaliza, nitakuwa nimempita.

Chakula cha mchana nimekila nimeketi.