Shati la Babu na Taa ya Machungwa

Profesa, rafiki yangu, jibu haraka. Nimekwisha.

Unajua ninavyozihusudu filamu za miaka ya sabini, ule mwanga wa rangi ya machungwa na picha zenye chengachenga. Leo nikaamua kujirekodi vivyo hivyo. Nimefunga mapazia ya sebuleni, nimefunika taa kwa nailoni ya rangi ya machungwa, nimevaa suruali ya bugaluu ya marehemu babu, shati lake la kola kubwa na miwani yake. Kwa heshima zote, nilipendeza.

Bibi akaingia. "Mume wangu!"

Nikacheka, maana kila siku ananitania hivyo. Nikamjibu kwa sauti nzito, "Naam, mke wangu."

Hakucheka. Profesa, HAKUCHEKA.

Amekaa, amenishika mkono, machozi yanamtoka. "Mbona umechelewa hivyo?"

Nikamwambia, "Bibi, ni mimi."

Akasema, "Najua ni wewe. Usizime taa."

Nachapa kwa mkono mmoja. Mwingine bibi hauachii. Sasa ananisimulia waliokuja kwenye mazishi yangu.

Mama yuko njiani kutoka kazini. Niambie la kufanya, sitanii. Nikivua hii miwani, bibi atafiwa mara ya pili.