Ngazi za Verlyn

Duluth, 20 Januari 1996

Mdogo wangu Verlyn,

Hujambo huko shambani? Ng'ombe wanastahimili baridi hii? Mimi nimehamishwa kutoka hospitali, niko kwenye nyumba ya kujifunza upya kuvaa soksi. Daktari amesema wazi: uti wa mgongo haurudi, kiti cha magurudumu ndiyo miguu yangu sasa. Nimelia, nikachoka.

Tangu tulipopinduka barabarani tukitoka kumzika Shangazi Hjordis, hujaja hata siku moja. Barafu ilikuwa kila mahali. Njoo tucheze karata. Mwenzangu wa chumbani anaiba.

Dada yako,
Marlys

*

Fergus Falls, 2 Februari

Dada Marlys,

Pole na maumivu. Mimi mzima, ndilo linalonikera. Usukani sijaushika tangu siku ile. Jirani ndiye ananiletea mahitaji.

Sikiliza. Bima ya gari langu hospitali imeshaimeza yote. Lakini marehemu mke wangu Ardis alinilazimisha nikate nyingine ya juu yake, wanaiita bima ya mwavuli. Ile ya kwanza ikiisha, hii ndiyo inakukinga. Nilimcheka. "Mwavuli wa nini, mwanamke? Mimi mkulima, naiomba mvua!" Sasa kampuni inasema haitoi kitu bila kesi. Basi nishtaki.

Mdogo wako,
Verlyn

*

Duluth, 11 Februari

Verlyn,

Salamu baadaye. Umerukwa na akili? Nikushtaki wewe niliyekufundisha kufunga kamba za viatu? Watu wa kanisani kwako watasemaje? "Yule dada mtu anataka shamba la kaka yake." Nitauza nyumba yangu, basi.

Marlys

*

Fergus Falls, 19 Februari

Dada,

Natumaini umepoa kidogo. Nyumba yako ukiila, mwaka wa tatu utakula nini? Shamba haliguswi, nimeuliza. Inayolipa ni kampuni, na Ardis aliilipia miaka yote kwa hela za mayai. Watu wa kanisani waache waseme, kahawa yao yenyewe maji matupu.

Wakili wa kampuni atasimama upande wangu, wako upande wako, na wote watatukataza kuandikiana mpaka iishe. Nakubali. Ukiulizwa, sema ukweli wote, usinionee huruma. Nakuomba kama mtu anayeomba maji.

Mdogo wako,
Verlyn

*

Duluth, 6 Juni 1997

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za siku nyingi? Imekwisha. Kampuni imelipa jana, na wakili amesema sasa niko huru kukuandikia. Nimeanza kabla hajamaliza sentensi.

Ulikuwa mwaka mrefu. Krismasi niliyala mapande ya samaki peke yangu mbele ya televisheni, nikakata na fungu lako bila kufikiri. Nilikuona mara moja tu, siku ile ya kuhojiwa katika ofisi ya mawakili. Umekonda. Ulivaa tai aliyokununulia Ardis, ukatazama meza muda wote. Niliposukumwa nje na kiti changu uliinuka, ukakaa tena.

Pesa zinatosha. Nimeagiza gari linaloendeshwa kwa mikono tu, bila miguu. Unacheka? Njoo, au niambie nije.

Dada yako anayekukumbuka,
Marlys

*

Fergus Falls, 30 Juni

Dada Marlys,

Nimefurahi umelipwa. Nimefurahi kweli. Mahindi yamefika magotini.

Sitaki uje. Nitakwambia, maana kukaa kimya ni kukudanganya. Yule wakili alipokuuliza, "Kaka yako alikuwa anaangalia barabara?" ukasema, "Hapana. Alikuwa anatafuta stesheni kwenye redio. Nilimwambia aache, akasema subiri kidogo." Ulisema polepole, kama unasoma orodha ya sokoni. Ni kweli tupu, na ni mimi niliyekutuma uiseme. Nilidhani nitaweza kuisikia. Sikuweza. Asubuhi nakamua ng'ombe, naisikia sauti yako: subiri kidogo.

Usinijibu.

Verlyn

*

Duluth, 12 Oktoba

Mdogo wangu,

U hali gani? Najua hutasema, lakini lazima niulize.

Jana nilikuja. Niliendesha mwenyewe kutoka hapa, kwa mikono, huku malori yakinipigia honi kwa mwendo wangu wa konokono. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba lako. Nilisimamisha gari chini ya ngazi za mlango wa jikoni nikaita. Pazia lilisogea. Nilikuona mkono, Verlyn, naujua mkono wako. Nikangoja mpaka kahawa ya chupa ikapoa, kisha nikageuza gari.

Niliposema yale maneno polepole, nilikuwa nazuia kilio. Ningesita, yule bwana angeniona muongo na wewe ungekuwa umejidhalilisha bure. Subiri kidogo yako sijaichukia. Wimbo uliokuwa unautafuta nilikuwa nautaka hata mimi.

Jumamosi nitakuja tena. Nikikuta pazia tu, nitakuja Jumamosi inayofuata, mpaka theluji ifunge barabara. Lakini ngazi zako siziwezi. Mimi siwezi kupanda, mdogo wangu. Itabidi wewe ushuke.

Dada yako,
Marlys