Mume wa Bibi

Jumapili.

Majina yote niliyojitungia kwa ajili ya muziki wangu wa kielektroniki yana wenyewe mtandaoni, na kesho waandaaji wa onyesho la Kigamboni wanataka jina moja.

Leo, kule Chanika, nilimwamkia Bibi, ambaye tangu utotoni mwangu aliniita mume wake, kwa utani.

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Ni mimi, mume wako."

"Mume wangu yuko shule. Atarudi sasa hivi."

Sikubishana, mimi niliyezoea kubishana hata na maprofesa.

Nitawapa waandaaji jina "Mume wa Bibi". Nimelitafuta, hakuna mwingine anayelitumia. Rafiki yangu Hamisi anasema, "Braza, watakucheka." Na wacheke. Ninachotamani ni kuitwa hivyo tena, hata na watu nisiowajua.