Mstari wa Pembeni mwa Tablo

Albertville, shuleni

Papa Anselmi,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu azungukezunguke. Ni miezi mitano sasa tangu tukuzike, na darasa lako limeunganishwa na langu. Watoto wanakaa wanne kwenye benchi la wawili. Chaki zimekwisha, tunaandika kwa udongo mweupe unaotuingia mpaka puani. Mama Roza anakusalimu. Jumapili bado anakuwekea kiti mezani, halafu anakiondoa mwenyewe.

Nakukumbuka zaidi asubuhi, nikishika kaye, lile daftari langu la matayarisho. Mwaka wangu wa kwanza niliandika "Leo: hesabu," ukacheka mpaka ukavua miwani. "Hesabu gani, mama? Saa tano mutoto ataweza nini chenye hakuweza saa ine?" Ukanifundisha kuandika mstari mmoja pembeni mwa tablo, ubao wetu mweusi: jambo moja ambalo kila mtoto ataweza kulifanya mwenyewe. Na kile kitambaa cha kufutia ulichokikata kwenye kitenge cha zamani cha Mama Roza hakikushikwa na mwalimu, wala na mtoto hodari. "Mwenye anachelewa, njo atafuta," ulisema. Yule wa mwisho akiweza, ndiye aliyefuta mstari. Asipoweza, mstari ulilala pale, na kesho tulianza nao.

Papa, nilianza kufuta mwenyewe.

Direkta mpya anataka programu imalizike. Mstari wa kugawa ulikaa siku tatu, nikauonea aibu. Siku ya nne nikachukua kitambaa, nikafuta, nikaandika kwenye kaye: "Wote wanaweza kugawa." Nilikuwa nimechoka, lakini si uchovu ulioandika. Niliandika mimi.

Halafu inspekta akaja. Kati ya watoto wote hao akamwita Yozefina, binti wa yule mvuvi aliyehamia hapa kutoka upande wa Uvira, anayekaa benchi la nyuma. Kumi na saba, gawa kwa tano. Mtoto akasimama mbele ya tablo, asiandike kitu. Inspekta akamwuliza kama hajafundishwa. Akajibu taratibu, bila ubaya wowote: "Mwalimu alishafuta."

Inspekta alisoma kaye yangu, akamtazama mtoto, hakupiga kelele. Alisema atarudi mwisho wa mwezi, na Yozefina asipoweza kugawa, atarudia mwaka wa tatu. Baba yake amekwisha kusema kwamba akirudia, hatarudi shule tena. Atabaki nyumbani kuanika samaki na mama yake. Kosa langu, na anayelipa ni yeye.

Kesho yake niliwaambia watoto ukweli, kwamba nilifuta kabla ya wakati na nikaandika uongo. Nikaandika upya: "Kila mmoja wetu ataweza kugawia nyumba tano mikebuka kumi na saba, na kusema wanabaki samaki wangapi." Kitambaa nikakitundika kwenye msumari karibu na benchi la Yozefina. Mstari umekaa pale siku kumi na moja. Direkta akipita anautazama, anakohoa, anaenda zake. Tumegawa mawe, tumegawa mbegu za maboga, tumegawa hata viatu vyetu.

Leo Yozefina, aliyekaa na Marta, aliandika kwenye kibao chake: watatu kila nyumba, wanabaki wawili. Sawasawa kabisa! Akachukua kitambaa, akaenda mbele, darasa zima likimwangalia. Akainua mkono. Kisha akaushusha, akarudi kukitundika kitambaa kwenye msumari.

"Bado, Mwalimu," akasema. "Nimeangalia kwa Marta."

Nilikaa kwenye kiti chako nikalia, Papa. Watoto wakadhani nimekasirika. Angeweza kufuta tu, na hakuna ambaye angejua. Mimi nilifuta. Yeye, mwenye kila sababu ya kufuta, amekataa.

Inspekta anakuja Jumatatu. Naogopa, sikufichi. Kesho asubuhi nitakaa na Yozefina na mbegu zetu, tuanze tena, Marta akiwa benchi la mbali. Mstari ukiwa bado uko pale Jumatatu, inspekta aukute, na kwenye kaye yangu akute neno "bado" kwa mwandiko wangu.

Pumzika, Papa. Kitambaa chako sitakigusa tena.

Veronika wako